GARIMOSHI LA ABIRIA LIRUDI LONDIANI NA KIPKELION

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Kama u mwalimu, naomba uiweke kando ile kalamu nyekundu kwa dakika chache, maana leo sikuandika insha ya kusahihishwa bali nimeandika yaliyo moyoni. Nataka kuzungumzia jambo ambalo sisi wanafunzi hulilalamikia mara mbili kila muhula, siku ya kufunga shule na siku ya kufungua, kisha tukalisahau. Jambo lenyewe ni usafiri.

Muhula wa kwanza mwaka huu nilifika stejini Londiani asubuhi na mapema, sanduku begani, godoro chini ya kwapa. Manamba alinitazama kutoka utosini hadi miguuni, akalitazama sanduku, akasema, "Kijana, leo nauli ni mara mbili. Na sanduku lina nauli yake." Nilijaribu kumbembeleza. Wapi! "Unaenda ama huendi? Wenzako wanangoja." Nikapanda. Matatu hiyo iliandikwa ubavuni kwamba ni ya abiria 14. Niliwahesabu waliokuwa ndani nikafika 19, ukimwondoa dereva na manamba mwenyewe aliyekuwa akining'inia mlangoni. "Songeni kidogo jamani, bado mmoja tu!" Huyo mmoja tu hakuisha mpaka tukafika barabara kuu.

Pale Londiani Junction kelele zote zilikoma. Mama mmoja aliyempakata mtoto alishusha sauti akasema, "Ni hapa." Hakuna aliyemwuliza ni hapa kuna nini.

Kila mtu wa Kericho anajua. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilishindwa kudhibitiwa mahali hapo, likayagonga magari, pikipiki, wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja matatu kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 waliaga dunia. Mimi nilikuwa nimepita hapo siku moja tu kabla, nikielekea nyumbani kwa mapumziko ya nusu muhula, na dirishani nilinunua ndizi kwa mama mmoja aliyekuwa akicheka na wenzake. Tangu siku hiyo sijamwona tena. Sijui kama alihama au vipi, na naogopa kuuliza.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Alfajiri ya Oktoba 10, 2018, basi lililotoka Nairobi likielekea upande wa Magharibi lilianguka mahali panapoitwa Tunnel, karibu na Fort Ternan. Hapo pia watu zaidi ya 50 walikufa. Ajali mbili, miaka mitano haijatimia katikati, zaidi ya roho 100, zote katika kaunti yetu moja.

Sasa mpenzi msomaji, chukua ramani ya Kenya uitandaze mezani. Tafuta Londiani. Tafuta Fort Ternan. Kisha tazama ule mstari mweusi unaopita katika miji hiyo. Mstari huo ni reli. Miji yenyewe ni stesheni za zamani! Yaani watu wetu wanakufa barabarani katika sehemu ambazo reli imekuwako kwa zaidi ya miaka 120. Ama kweli, tumekufa kiu na maji yako shingoni.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: garimoshi la abiria lirudishwe kwenye reli ya Nakuru hadi Kisumu, liwe la kila siku, lipite mchana, na lisimame katika stesheni zetu za Londiani, Kipkelion na Fort Ternan. Nitazitoa sababu zangu moja baada ya nyingine, nawe utapima.

Kwanza tujue reli hiyo ilitoka wapi. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikapanda na kushuka Bonde la Ufa, ikavuka milima ya Mau, ikateremka hadi ziwani Kisumu, mji ulioitwa Port Florence wakati huo. Ilifika huko Desemba 1901. Waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Uhindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wenyeji nao hawakuulizwa chochote. Jirani zetu Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka mingi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Kwetu Wakipsigis stesheni ilijengwa ikaitwa Lumbwa, jina ambalo wageni walitupa sisi, na leo inaitwa Kipkelion. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza hapa Kericho katika miaka ya 1920, Lumbwa ndiyo iliyokuwa stesheni ya karibu. Kwa maneno mengine, reli hii tuliilipia kwa ardhi na kwa damu. Iweje leo tuitazame tu mbuzi wakilala juu ya mataruma?

Nyanya yangu mzaa mama anaishi Kipkelion, si mbali na reli hiyo. Likizo ya Desemba nilimwuliza, "Kogo, wewe uliwahi kupanda garimoshi?" Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kuwahi? Mimi nilikuwa nikienda Kisumu kununua samaki na kurudi. Halikuwa na mbio, lakini ukiketi umeketi. Hakuna mtu wa kukukalia magotini." Nikamwuliza kama hakuogopa. Akasema, "Mjukuu wangu, siku hizi ndipo ninaogopa. Nikienda kliniki Kericho nafunga macho mpaka nifike."

Baadaye huduma hiyo ilififia, ikafa, reli ikameza nyasi. Hata hivyo serikali iliamua kuifufua. Sehemu ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilikarabatiwa, wanajeshi na vijana wa NYS wakishirikiana na Shirika la Reli, na Desemba 2021 abiria wakasafiri tena kutoka Nairobi hadi Kisumu. Watu walishangilia, wazee wakatoka na fimbo zao kutazama. Lakini lilipoanza, lilipangiwa safari moja kwa wiki: kutoka Nairobi Ijumaa jioni, kurudi kutoka Kisumu Jumapili. Safari ilikuwa ya usiku kucha, na huku kwetu watu wengi wakawa wamelala linapopita. Niambie basi, mwanafunzi wa Kipkelion anayefungua shule Jumatatu, au mama anayepeleka kabeji sokoni Jumanne, angenufaika vipi? Garimoshi la aina hiyo ni la kwenda matembezi. Si usafiri wa mwananchi.

Sababu yangu ya kwanza ni usalama. Ukitoka Mau Summit, ambako urefu ni zaidi ya meta 2,500 kutoka usawa wa bahari, hadi Kisumu, unateremka zaidi ya meta 1,300. Dereva wa lori hukanyaga breki muda mrefu, breki zikapata moto, zikachoka. Garimoshi lina breki katika kila behewa, zikiunganishwa na bomba la hewa kutoka mbele hadi nyuma. Bomba likikatika, breki haziachilii, bali hushika zenyewe. Tena garimoshi haliwezi kupita jingine kwenye kona wala kufukuzana na wenzake kugombea abiria.

Hapa nitasema ukweli wote, nisije nikaonekana mpiga debe wa reli. Garimoshi nalo huua. Juni 24, 2002, katika eneo la Igandu mkoani Dodoma, Tanzania, garimoshi la abiria lilishindwa kupanda mlima, likarudi nyuma kwa kasi, likagongana na la mizigo. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kwa hiyo usalama wa reli hauji kwa miujiza. Unakuja kwa fundi anayekagua breki na msimamizi asiyekubali njia ya mkato. Tofauti ni kwamba garimoshi ni moja na wakaguzi wanajulikana. Barabarani kuna magari maelfu, na kila mwenye gari ni mkaguzi wake mwenyewe.

Sababu ya pili ni mazingira. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha msuguano. Gurudumu la mpira juu ya lami hubonyea na kupata joto, na joto hilo ni mafuta yaliyopotea. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei sana, linabingirika kwa wepesi. Ndiyo maana lita moja ya dizeli husukuma tani moja ya mzigo mbali zaidi kwenye reli, mara kadhaa kuliko barabarani. Tupige hesabu kidogo. Chukua garimoshi dogo tu la mabehewa matano, kila behewa abiria 80. Hao ni watu 400. Ukiwapakia kwenye matatu za abiria 14, bila kumkalisha mtu magotini, unahitaji matatu 29. Injini 29 zikinguruma, moshi 29, madereva 29 kila mmoja na haraka zake! Na hapo sijataja yule bwana anayesafiri peke yake ndani ya gari lenye viti saba.

Lakini hesabu hiyo inasimama garimoshi likijaa. Garimoshi tupu linalovuta mabehewa tupu linachoma mafuta bure, na litaharibu mazingira kuliko matatu iliyojaa. Kwa sababu hiyo nasisitiza ratiba: liende saa ambazo watu husafiri, lisimame mahali watu wanapoishi, na nauli iwe ya mkulima. Bila hayo, tutakuwa na reli safi ya kupiga picha tu.

Wengine watasema, "Ah, mambo ya moshi na tabianchi ni ya Wazungu." La hasha! Sisi ndio watu wa chai. Mmea wa chai unataka mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka, tena iliyogawanyika vizuri mwezi baada ya mwezi. Ile mvua yetu ya alasiri, inayotulowesha tukitoka uwanja wa michezo, ndiyo karo ya wengi wetu. Kiangazi kikirefuka, majani hayachumwi. Barafu ikishuka usiku, majani yanaungua. Majani yasipochumwa, bonasi inapungua, na Januari baba anamwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba muda. Hali ya hewa ikiharibika, sisi ndio wa kwanza kuulizwa karo.

Sababu ya tatu ni gharama. Mvua ikinyesha manamba hupandisha nauli, shule zikifunguliwa hupandisha, Krismasi ndiyo usiseme. Simlaumu yeye peke yake. Ana tajiri anayengoja hesabu yake ya jioni. Lakini garimoshi lina tikiti iliyochapishwa bei. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchuma chai wakifika dirishani wanaulizwa swali moja tu: unakwenda wapi?

Najua pingamizi zipo. Nimezisikia bwenini na hata ndani ya Chama chetu tulipojadili hoja hii.

Wa kwanza aliniambia, "Bana, reli haifiki Kericho mjini wala Bomet. Unatuletea hadithi." Ni kweli, haifiki. Lakini matatu zipo, na hapo ndipo kazi yake nzuri ilipo. Matatu za kutoka Kericho zingefika Kipkelion na Londiani garimoshi linapowasili, zikachukua abiria wa Litein, Kapkatet na Sotik. Safari fupi ni ya matatu, safari ndefu ni ya garimoshi. Kwa njia hiyo manamba hapotezi mkate wake, anapunguziwa tu zile mbio za usiku.

Wa pili alisema, "Garimoshi ni pole pole kama kobe." Pole pole ndiyo mwendo, walisema wahenga. Hata likienda kilomita 40 tu kwa saa, kutoka Nakuru hadi Kisumu litamaliza kwa muda usiofika saa sita. Na ndani yake unaweza kusoma kitabu cha fasihi ukakimaliza. Katika matatu ile ya Januari mimi sikuweza hata kuutoa mkono wangu mfukoni.

Wa tatu alisema serikali haina pesa. Kwake nina jibu moja. Reli ipo, ilikwisha kukarabatiwa. Kilichobaki ni mabehewa, wafanyakazi na ratiba. Mbona Nairobi imewezekana? Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012 ili wafanyakazi waache magari yao na kuingia mjini kwa reli. Mtu wa Kericho naye hulipa kodi, na chai yetu huleta fedha za kigeni.

Kwa ndugu zetu wa Bomet nina neno la pekee. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Suswa, upande wa Naivasha. Njia iliyochorwa kutoka huko hadi Kisumu inapita Narok na Bomet. Ndugu zangu, msifanye kosa la kushangilia tu. Ulizeni mambo matatu mapema. Mosi, mwenye shamba atalipwa kwa haki, kabla tingatinga halijafika kwenye miche yake ya chai? Babu zetu hawakuulizwa mwaka 1901. Sisi tuna katiba. Pili, stesheni itajengwa wapi? Mombasa stesheni iko Miritini na Nairobi iko Syokimau, na abiria hulipa nauli nyingine kufika katikati ya mji. Stesheni ya Bomet iwe karibu na watu. Tatu, garimoshi litatumia nini? Treni za Mombasa hadi Nairobi zilianza kwa dizeli. Wenzetu wa Tanzania wameanza kwa umeme: mwaka 2024 treni zao za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma. Kenya sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Olkaria yenyewe iko Naivasha, si mbali na pale reli ilipofikia! Tutakuwa na kisingizio gani cha kuchoma dizeli?

Basi tufanye nini sisi wanafunzi ambao hata kura wengi wetu hatujapata? Napendekeza mawili. La kwanza, Chama chetu kiandike barua kwa Kiswahili safi kwa wawakilishi wetu katika bunge la kaunti na kwa Shirika la Reli, tuombe garimoshi moja la mchana kila siku, moja likitoka Nakuru na moja likitoka Kisumu. Tuambatanishe hesabu: kila darasa lihesabu ni wanafunzi wangapi hutoka upande wa Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni na Nakuru, na hulipa nauli gani siku ya kufungua. Mkubwa akiona idadi ya abiria wanaongoja, hawezi kusema hakuna watu. La pili, tukiwa tungali tunangoja, tukatae kuwa abiria wa kumi na tano. Najua ni vigumu, kengele inangoja na mwalimu wa zamu yuko langoni. Mimi mwenyewe Januari sikukataa. Niliogopa kuchelewa kuliko nilivyoogopa kufa, na nikifikiria sasa naona aibu. Pengine walimu wetu watatusaidia: siku ya kufungua, anayechelewa kwa sababu alikataa matatu iliyojaa asipewe adhabu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tumeuona mwaka 2018, tukauona tena mwaka 2023. Sijui tunangoja tuuone mara ngapi.

Likizo ijayo nitakwenda tena kwa Kogo. Ameniahidi kwamba siku garimoshi la mchana litakapopita Kipkelion, atanilipia tikiti ya kwenda Kisumu, naye ataketi dirishani. Nami nimemwambia asitupe kikapu chake cha samaki. Wasalaam.